Uzi: Diski za flashi za kuhifadhia chekipointi tunapofundisha modeli za akili unde

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam.

Maswali mengi ya SSD, yaani diski za flashi, yanayoletwa jukwaani huishia kwenye namba moja tu, ile kasi ya kuandika iliyochapwa kwenye boksi. Kwa mtu anayefundisha modeli ya akili unde namba hiyo haitoshi, na wakati mwingine humpotosha kabisa. Anachohitaji kujua ni mambo mawili ambayo boksi halimwambii: diski itaandika kwa kasi gani baada ya kuandika mfululizo kwa dakika kadhaa, na pale inapojibu kwamba imeshapokea data, je, data hiyo imefika mahali ambapo umeme ukikatika sekunde hiyohiyo haitapotea? Naomba tuyajadili haya kwa kina, kwa sababu ninasikitika kuona watu wakitumia fedha nyingi kwenye GPU, kisha wakiweka kazi ya wiki nzima juu ya diski isiyoifaa kazi hiyo.

Tuanze na ukubwa wa chekipointi yenyewe, yaani nakala ya hali ya mafunzo inayohifadhiwa ili yakikatika yaendelee kutoka hapo, kwa kuwa hesabu nyingine zote zinatoka hapo. Wengi hudhani chekipointi ni uzito wa modeli peke yake. Sivyo. Ili mafunzo yaendelee kutoka yalipoishia kana kwamba hayakukatika, ni lazima kuhifadhi pia hali ya optimaiza (sehemu ya programu inayorekebisha vigezo vya modeli), namba ya hatua, ratiba ya kiwango cha kujifunza, hali ya vizalishi vya namba nasibu, na mahali ambapo usomaji wa data ulikuwa umefikia. Kwa mafunzo ya usahihi mchanganyiko yanayotumia optimaiza ya Adam, kila kigezo hubeba baiti 2 za uzito wa biti 16, baiti 4 za nakala kuu ya biti 32, baiti 4 za wastani wa gradienti, na baiti 4 za wastani wa miraba ya gradienti. Jumla ni baiti 14 kwa kila kigezo. Kwa hiyo modeli ya vigezo bilioni 7, ambayo uzito wake pekee ni GB 14, hutoa chekipointi ya GB 98, na modeli ya vigezo bilioni 70 hukaribia terabaiti nzima.

Sasa tuziandike hizo GB 98. Diski ya kuzunguka, kwa takriban MB 250 kwa sekunde, itachukua dakika sita na nusu. SSD ya SATA, ambayo njia yake yenyewe haipitishi zaidi ya MB 550 hivi kwa sekunde, itachukua kama dakika tatu. SSD ya NVMe kwenye njia nne za PCIe 4.0, ikiweza kudumisha GB 6 kwa sekunde, itamaliza kwa sekunde zipatazo 16. Kama programu ya mafunzo imeandikwa kwa njia rahisi, muda wote huo GPU zimesimama zinasubiri.

Je, ni mara ngapi uhifadhi? Swali hili lilijibiwa zamani sana, kabla hata ya flashi kuwapo. John Young alionyesha mwaka 1974 kwamba muda unaofaa kati ya chekipointi moja na nyingine ni kipeuo cha pili cha zao la mara mbili ya muda wa kuandika na wastani wa muda kati ya hitilafu. Tuseme mashine yako huanguka mara moja kwa siku na chekipointi huchukua sekunde 60: jibu ni kama dakika 54, na utapoteza karibu asilimia 3.7 ya muda wako wote, ukijumlisha muda wa kuandika na kazi inayorudiwa baada ya kuanguka. Punguza uandishi uwe sekunde 15, na muda unaofaa unakuwa dakika 27, huku hasara ikishuka hadi asilimia 1.9 hivi. Angalieni kwamba diski yenye kasi mara nne imepunguza hasara kwa nusu tu. Ndiyo maana ninasema kasi ni muhimu, lakini kila ongezeko lake huleta faida ndogo kuliko lililotangulia, na fedha ya ziada huenda ikafaa zaidi kwenye uimara.

Kwenye klasta kubwa, yaani mashine nyingi zilizounganishwa kufanya kazi moja, mambo ni tofauti. Taarifa ya Meta kuhusu Llama 3 inaeleza kwamba katika kipindi cha siku 54 za kufundisha modeli ya vigezo bilioni 405 kwa GPU 16,384 za H100, kazi ilikatika mara 466, na mara 419 kati ya hizo hazikupangwa. Hiyo ni wastani wa hitilafu moja kila saa tatu. Tumieni kanuni ileile: chekipointi ya dakika moja ingekula zaidi ya asilimia 10 ya muda wote, wakati ya sekunde 10 ingekula asilimia 4 hivi. Ndiyo sababu walijenga hifadhi ya petabaiti 240 kwenye seva 7,500 zenye SSD, ikiwa na kasi endelevu ya terabaiti 2 kwa sekunde na kilele cha terabaiti 7.

Tuje kwenye boksi. Seli moja ya flashi inaweza kubeba biti moja, mbili, tatu au nne. Kadiri biti zinavyoongezeka, ndivyo uandishi unavyokuwa wa polepole na seli inavyochoka mapema. Diski nyingi za matumizi ya kawaida huficha upole huo kwa kuandika kwanza sehemu ya seli kwa biti moja moja, yaani kashe ya SLC, kisha kuzihamishia data hizo kwenye muundo wa biti tatu au nne wakati diski imetulia. Kashe ikijaa katikati ya uandishi, kasi huanguka ghafla. Kwenye diski za biti nne, hasa za bei ya chini, huweza kuanguka hadi ikawa sawa na ya diski ya kuzunguka au chini yake. Mbaya zaidi, kwenye diski nyingi kashe hiyo hutokana na nafasi iliyo wazi, kwa hiyo diski iliyokaribia kujaa huwa na kashe ndogo zaidi. Chekipointi ndiyo aina hasa ya kazi inayoifichua tabia hii: faili kubwa, linaloandikwa mfululizo, tena na tena, kwenye diski ambayo kwa kawaida imejazwa chekipointi za nyuma.

Ninakaribisha michango, hasa kutoka kwa wale wanaosimamia seva.

#2 – fundi_seva

Mleta mada, shukrani kwa uzi huu. Nitachangia upande wa ile ahadi ya diski, maana hapo ndipo watu wanapoteza kazi bila kujua kwa nini.

Programu inapoandika faili, data haiendi moja kwa moja kwenye seli. Kwanza huingia kwenye RAM ya mashine, na mfumo endeshi huijibu programu mara moja kwamba kazi imekwisha. Baadaye data hupelekwa kwenye diski, ambayo nayo ina RAM yake ndogo, na hatimaye ndipo hufika kwenye seli. Kwa hiyo mtu anayepima muda wa `torch.save`, amri ya kuhifadhi ya maktaba ya PyTorch, na kuona sekunde chache huenda amepima kasi ya RAM yake tu. Umeme ukikatika hapo, faili linaweza kuonekana lipo, jina sahihi, hata ukubwa sahihi, lakini ndani yake mna sehemu tupu.

Amri inayolazimisha data ishuke hadi chini ni `fsync`. Diski ya kawaida, ikiwa aminifu, itamwaga kashe yake yote kwenye seli kabla ya kujibu, na hilo huchukua muda. Diski za seva zenye kinga dhidi ya kukatika kwa umeme zina kapasita ndani yake, zinazohifadhi nishati ya kutosha kumalizia kuandika kilichomo kwenye kashe hata umeme ukiwa umeshakatika, na kwa sababu hiyo zinaweza kujibu `fsync` papo hapo bila kudanganya. Mimi ningeiweka sifa hii juu ya kasi. Kati ya diski ya GB 7 kwa sekunde isiyo na kapasita na ya GB 4 iliyo nazo, kwa chekipointi ninachagua ya pili bila kusita.

Kuna wanaosema UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, inatosha. UPS husaidia, lakini haizuii hitilafu iliyo upande wa pili wa UPS: kigeuza umeme cha seva kuungua, waya kulegea, au mtu kubonyeza kitufe cha kuzima.

Jambo la mwisho, na halina gharama. Usiandike kamwe juu ya chekipointi iliyopo. Andika kwenye faili la muda ndani ya saraka ileile, lifanyie `fsync`, kisha libadilishe jina kwa `rename`, halafu fanya `fsync` kwenye saraka yenyewe. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili kwenye Linux hutokea kwa mkupuo: ama jina la zamani, ama jipya, hakuna katikati. Watu wengi huikumbuka `rename` na kuisahau ile `fsync` ya saraka.

#3 – mwanagenzi

Wakuu, nisameheni kwa swali la mtu anayeanza. Mimi sina klasta. Nina kompyuta moja yenye GPU moja, na ninaifundisha upya modeli ya vigezo bilioni 7 kwa njia ya LoRA. Je, haya yote yananihusu, au ninunue SSD yoyote tu?

#4 – Mleta mada

Mwanagenzi, swali lako ni zuri na jibu litakuokolea fedha. Kwa LoRA, uzito wa asili haubadiliki, kwa hiyo huhitaji kuuhifadhi tena. Unachohifadhi ni zile matriki ndogo za nyongeza pamoja na hali ya optimaiza inayozihusu, na kwa mipangilio ya kawaida ya modeli ya ukubwa huo jumla huwa makumi au mamia ya megabaiti. SSD yoyote nzuri itaandika hizo kwa sekunde moja au mbili. Usinunue diski ghali kwa ajili ya hilo.

Lakini utaratibu wa fundi_seva wa faili la muda, `fsync` na `rename` unakuhusu kikamilifu, kwa sababu faili dogo huharibika sawasawa na faili kubwa. Kwa kuwa chekipointi zako ni ndogo, nakili kila moja kwenye diski ya pili au mashine nyingine. Kwako wewe hiyo ndiyo bima kubwa kuliko kasi yoyote. Utakapofikia kufundisha vigezo vyote, rudi kwenye ile hesabu ya baiti 14 ndipo ufikirie diski mpya.

#5 – nahodha_wa_klasta

Naomba niongeze hali ya wale wanaokodi mashine kwenye wingu, kwani inabadilisha hesabu.

Mashine za bei nafuu zinazoweza kunyang'anywa wakati wowote hutoa onyo fupi kabla ya kuzimwa. AWS hutoa dakika mbili kwa mashine zake za Spot. Google Cloud hutoa sekunde 30. Watu husema, "nitahifadhi nikipata onyo." Tufanye hesabu kwa chekipointi ya GB 98. Ndani ya sekunde 30 unahitaji karibu GB 3.3 kwa sekunde, bila kuhesabu muda wa programu kutambua onyo na kumaliza hatua iliyokuwa ikiendelea. Diski ya NVMe iliyomo ndani ya mashine inaweza kufikia kasi hiyo, ila diski hizo za ndani kwa kawaida hufutika pamoja na mashine, kwa hiyo chekipointi yako itaandikwa vizuri kisha itatoweka. Inabidi data itoke nje kupitia mtandao, na mtandao wa gigabiti 10 hupitisha GB 1.25 kwa sekunde hata ukiwa katika hali bora kabisa, yaani sekunde 78. Dakika mbili zinatosha kwa shida; sekunde 30 hazitoshi kabisa.

Ushauri wangu ni kuandika kwenye NVMe ya ndani mara kwa mara, huku mchakato mwingine ukinakili taratibu kwenda kwenye hifadhi ya kudumu nyuma ya pazia. Onyo likija, usianze kuandika kitu kipya kikubwa. Malizia tu kunakili kile kilichokwisha kuandikwa.

#6 – mtafiti_wa_lugha

Ninaheshimu michango yote, lakini ninatofautiana kidogo na msingi wa uzi. Siku hizi hakuna sababu ya GPU kusubiri diski hata kidogo. PyTorch ina uhifadhi usio wa kusubiriana ndani ya moduli yake ya chekipointi zinazogawanywa, kupitia `async_save`: hali ya modeli hunakiliwa kutoka kwenye GPU kwenda kwenye RAM ya mashine, mafunzo yanaendelea, na uandishi wa diski hufanyika pembeni. Mfumo wa utafiti unaoitwa Gemini, uliowasilishwa kwenye mkutano wa SOSP mwaka 2023, ulikwenda mbali zaidi kwa kuweka chekipointi kwenye RAM za mashine jirani, ili mashine moja ikifa, nyingine iwe na nakala. Kama RAM inafanya kazi hiyo, kwa nini tuhangaike na diski za flashi za kasi?

#7 – Mleta mada

Mtafiti, hoja yako ina nguvu, na sehemu yake ya kwanza ninaikubali moja kwa moja: yeyote mwenye RAM ya kutosha atumie uhifadhi usio wa kusubiriana. Kunakili GB 98 kupitia njia 16 za PCIe 4.0, ambazo kwa vitendo hupitisha karibu GB 25 kwa sekunde, huchukua kama sekunde nne kwa njia moja tu, na seva yenye GPU nane hugawana kazi hiyo. Kwa upande wa kusubiri, tatizo limepungua sana.

Hata hivyo kasi ya flashi haikuondoka. Imehamia mahali pengine. Kwanza, chekipointi iliyomo kwenye RAM si chekipointi salama hadi iwe imeshuka kwenye diski, kwa hiyo dirisha la hatari linajumuisha muda wote wa uandishi wa pembeni. Pili, uandishi mmoja lazima uishe kabla ya unaofuata kuanza. Diski ikihitaji dakika nane kwa sababu kashe yake imejaa, nawe umepanga kuhifadhi kila dakika tano, basi ama RAM itajaa, ama programu itarudi kusubiri kama zamani. Tatu, RAM hiyo ni nakala kamili ya ziada, na si kila mashine ina nafasi hiyo.

Kuhusu RAM za majirani, ni njia bora kwa hitilafu ya mashine moja moja, ambayo ndiyo hutokea zaidi kwenye klasta kubwa. Ila umeme wa chumba kizima ukikatika, RAM zote huwa tupu kwa pamoja. Kwa hiyo mimi naziona kama ngazi: RAM ya jirani kila dakika chache, flashi ya ndani au ya klasta kwa vipindi virefu zaidi, na hifadhi ya mbali kwa nakala chache za kudumu. Flashi ndiyo ngazi ya kwanza inayosalimika baada ya giza, na ndiyo maana ninasisitiza uimara wake.

Jambo jingine linalosahaulika: kasi ya kusoma. Mashine nyingi zikianza upya kwa pamoja, zote husoma chekipointi ileile kwa wakati mmoja. Hapo hakuna hila ya kufanya pembeni. Kila GPU inasubiri hadi usomaji uishe.

#8 – fundi_seva

Mtafiti na mleta mada mmesema vyema. Ninaomba tusipite bila kugusa kuchakaa kwa diski, kwa sababu ratiba ya chekipointi za mara kwa mara inaweza kuimaliza diski ya kawaida ndani ya miezi.

GB 98 kila nusu saa ni mara 48 kwa siku, yaani terabaiti 4.7 kila siku. Diski nyingi za kawaida za TB 1 zenye seli za biti tatu huja na dhamana ya kuandikwa TB 600. Kwa mwendo huo dhamana inakwisha baada ya siku 127 hivi. Ya TB 2 yenye dhamana ya TB 1,200 itafika siku 255. Diski haitakufa siku hiyo, mara nyingi huendelea, lakini kuanzia hapo unatembea bila ahadi ya mtengenezaji. Diski za seva hupimwa kwa idadi ya mara ambazo diski inaruhusiwa kujazwa nzima kwa siku katika kipindi cha dhamana, ambacho kwa kawaida ni miaka mitano. Ya TB 3.84 inayoruhusiwa kujazwa mara moja kwa siku haitoshi kwa ratiba hii. Ya TB 7.68 ya daraja hilohilo inatosha, na ya TB 3.84 inayoruhusiwa mara tatu inatosha kwa nafasi kubwa.

Chekipointi zina fadhila moja: ni faili kubwa zinazoandikwa mfululizo na kufutwa nzima nzima. Kidhibiti cha diski hakilazimiki kuhamisha vipande vidogo vidogo, kwa hiyo uandishi halisi kwenye seli hauzidi sana kile ulichoandika, mradi amri ya TRIM, inayoijulisha diski sehemu zilizofutwa, inafanya kazi na umeacha nafasi wazi. Mimi huacha angalau sehemu moja ya tano ya diski bila kuitumia. Kama mnatumia Linux, `fstrim` ya kila wiki ni kidogo mno kwa diski inayofutwa terabaiti nne kwa siku. Iendesheni kila siku.

Diski za PCIe 5.0 za muundo wa M.2 hupata joto kali zikiandika mfululizo, na zikizidi kiwango hujipunguza kasi zenyewe. Wekeni kipoza joto, na upepo upite.

#9 – nahodha_wa_klasta

Kuongezea hapo kwenye uimara, kuna ushahidi wa uwanjani ambao kila mnunuzi anapaswa kuufahamu. Utafiti wa mwaka 2016 uliochunguza miaka sita ya matumizi ya diski za flashi kwenye vituo vya data vya Google uligundua kwamba zilibadilishwa kwa nadra kuliko diski za kuzunguka, lakini kati ya asilimia 20 na 63 ya diski, kutegemea aina, zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika ndani ya miaka minne ya kwanza. Maana yake kwetu ni kwamba diski inaweza kuonekana nzima kabisa, huku kipande kimoja cha faili lako hakisomeki. Kwa hiyo chekipointi moja, hata kwenye diski bora, si hifadhi. Wekeni angalau tatu za karibuni, pamoja na moja ya zamani kidogo kila baada ya hatua elfu kadhaa. Ile ya zamani ina kazi ya ziada: mafunzo yakilipuka, hasara (kipimo cha makosa ya modeli) ikapanda bila kushuka, utarudi nyuma kabla ya tatizo kuanza, maana chekipointi tatu za mwisho huenda zote zimeshabeba ugonjwa.

Pia msinunue diski mbili za toleo moja, mkaziwasha siku moja, mkadhani mna nakala mbili zinazojitegemea. Novemba 2019, HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingeacha kufanya kazi zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, na data isingerejeshwa, endapo programu dhibiti iliyomo ndani ya diski haingesasishwa. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, jambo linaloashiria kasoro ya kihesabu tu kwenye kaunta. Diski zilizowashwa pamoja zingekufa pamoja, na RAID, yaani diski kadhaa zilizopangwa kulindana, isingesaidia chochote. Sasisheni programu dhibiti, na nakala ya pili iwe kwenye diski ya aina nyingine.

#10 – mwanagenzi

Nimejifunza mengi, asanteni sana. Swali langu la mwisho: chekipointi zikimalizika kutumika, ninaweza kuzitoa kwenye SSD na kuiweka kabatini kama kumbukumbu? Na mtu anaijaribu vipi diski kabla ya kuiamini?

#11 – Mleta mada

Kabatini, hapana. Flashi hushikilia chaji, na chaji huvuja taratibu diski ikikaa bila umeme. Viwango vya JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, vinadai kwamba diski ya matumizi ya kawaida iliyofikia mwisho wa uhai wake uliopangwa ihifadhi data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi 30, na ya seva miezi mitatu kwa nyuzi 40. Diski mpya hushikilia kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini iliyoandikwa chekipointi usiku na mchana si mpya tena. Hamishia uzito wa mwisho kwenye diski ya kuzunguka au hifadhi ya mbali.

Kuhusu kujaribu, tumia `fio`, programu ya kupima diski, wala si amri ya kunakili `dd` isiyo na `fsync`, ambayo itakupimia RAM. Andika kwa vipande vya MB 1, ukiruka kashe ya mfumo endeshi kwa `direct=1`, kwa nusu saa mfululizo, na uweke rekodi ya kasi kila sekunde. Fanya hivyo mara mbili: diski ikiwa tupu, kisha ikiwa imejaa asilimia 80. Kasi unayoiona dakika kumi za mwisho za jaribio la pili ndiyo uiweke kwenye kanuni ya Young. Anayechagua mifumo mikubwa atazame pia matokeo ya MLPerf Storage, majaribio linganishi ya hifadhi za akili unde, ambayo toleo lake la 2.0 la mwaka 2025 liliongeza majaribio ya chekipointi. Baada ya hapo soma `nvme smart-log` mara kwa mara: asilimia ya uhai iliyotumika, akiba iliyobaki, na makosa ya data. Makosa ya data yakianza kupanda kutoka sifuri, diski hiyo iondolewe kwenye kazi ya chekipointi siku hiyohiyo.

Kisha jaribu kurejesha. Andika alama ya SHA-256 kando ya kila faili na uihakiki baada ya kunakili. Anzisha mafunzo, hifadhi kwenye hatua ya 500, endelea hadi 600 na uandike hasara ya kila hatua. Ua mchakato kwa `kill -9`, rejesha kutoka 500, na ulinganishe. Hasara za hatua 501 hadi 600 zinapaswa kufanana na za mwanzo, isipokuwa tofauti ndogo zinazotokana na mpangilio wa hesabu kwenye GPU. Zikiruka, kuna kitu hakikuhifadhiwa; mara nyingi ni hali ya optimaiza au mahali pa usomaji wa data. Rudia jaribio hilo kila unapobadilisha toleo la maktaba. PyTorch 2.6, kwa mfano, ilibadilisha tabia ya msingi ya `torch.load` ili ikubali uzito tu na aina chache zilizoruhusiwa, na chekipointi za zamani zenye vitu vingine ndani yake zikaanza kukataliwa hadi mtumiaji aeleze wazi kwamba anaviamini.

Mwisho, kwa mashine iliyo mbali na kazi nyingine, fanya jaribio la kweli la umeme: chomoa waya wakati chekipointi inaandikwa, washa tena, na uone kama ya awali yake bado inasomeka na alama yake inalingana. Diski na programu zikipita hapo mara kadhaa mfululizo, anza zoezi refu.